Mabinti wa Goa na viwanja vya Kilosa

Tarehe 21 Mei 2017, mjini Port-Gentil, Gabon, Serengeti Boys wa Tanzania walihitaji sare tu dhidi ya Niger. Walikuwa wametoka suluhu na Mali, wakaichapa Angola 2-1, na pointi moja zaidi ingewatosha kutinga nusu fainali ya Kombe la Afrika kwa vijana chini ya miaka 17. Na kwenye nusu fainali hiyo kulikuwa na zawadi kubwa kuliko nusu fainali yenyewe: timu zote nne zilizofika hapo zilikata tiketi ya Kombe la Dunia, India. Niger wakafunga bao moja. Timu hizo mbili zikalingana pointi, ikabidi kuangalia nani alimfunga mwenzake. Vijana wetu wakafungasha virago.

Kocha aliyekuwa kwenye benchi siku ile ni Bakari Shime. Miaka mitano baadaye, Oktoba 2022, Shime huyohuyo alitua India na timu ya Taifa ya umri uleule. Safari hii alikuwa na mabinti.

Naandika haya nikiwa Kilosa, mkoani Morogoro, mahali ambapo habari za timu za Taifa hutufikia kupitia redio, simu za viganjani na vibanda umiza. Watu wa huku tunaijua Simba, tunaijua Yanga, na tunaweza kugombana juu ya adhabu ya penalti ya miaka kumi iliyopita. Lakini ukiuliza kijiweni Serengeti Girls walimfunga nani kule India, wengi watakuna kichwa. Ndiyo maana naona vema tuisimulie upya safari ile, kisha tuulize swali ambalo halikuulizwa vya kutosha: timu kama ile inazaliwa wapi, na je, Kilosa na Mikumi zina nafasi ya kuizaa?

Kabla ya mabinti hao hakuna timu ya Tanzania, iwe ya wakubwa au wadogo, ya wanaume au wanawake, iliyowahi kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Walifuzu kwa kuwatoa majirani zetu wa Burundi, kisha Cameroon. Hapo kwenye Cameroon panahitaji kutazamwa kwa utulivu. Ilikuwa raundi ya mwisho, mechi ya kwanza ikachezwa ugenini Yaoundé, dhidi ya taifa lenye historia ndefu ya soka la wanawake. Mabinti wakashinda 4-1. Marudiano yakapigwa Zanzibar mwezi Juni, wakashinda tena 1-0. Jumla mabao matano kwa moja. Timu ya kubahatisha haishindi hivyo, ugenini na nyumbani.

Kundi walilopangiwa India lingemtia baridi kocha yeyote. Japan walikuwa mabingwa wa dunia wa umri huo mwaka 2014. Ufaransa walikuwa mabingwa mwaka 2012. Wa tatu ni Kanada, ambao dada zao wakubwa walikuwa wametoka kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka mmoja tu nyuma. Mechi ya kwanza, Oktoba 12, Japan wakatufunga 4-0, na huku nyumbani yakaanza maneno ya kawaida: wamekwenda kutalii, wamekwenda kupiga picha.

Siku tatu baadaye wakakutana na Ufaransa. Diana Mnally akafunga kipindi cha kwanza. Wafaransa wakasawazisha, ikawa moja kwa moja. Kipindi cha pili ikapatikana penalti, akaipiga Christer Bahera, nyavu zikatikisika. Tanzania 2, Ufaransa 1. Mtu aliyezoea kuona timu zetu zikiongoza na kisha kuporomoka dakika za lala salama anajua maana ya kulinda bao moja kwa zaidi ya nusu saa mbele ya Wafaransa. Walililinda.

Tarehe 18 ikawa zamu ya Kanada. Wao wakatangulia mapema, Veronica Mapunda akasawazisha kabla ya mapumziko, mechi ikaisha 1-1. Hesabu za kundi zikasoma hivi: Japan pointi tisa, Tanzania nne, Kanada mbili, Ufaransa moja. Mabinti wetu wakaingia robo fainali kwa mara ya kwanza waliposhiriki, wakiwaacha nyuma mabingwa wa zamani na taifa la dhahabu ya Olimpiki. Safari ikaishia mikononi mwa Colombia, 3-0, mjini Margao katika jimbo la Goa. Bao moja kati ya hayo matatu alilifunga Linda Caicedo, ambaye miezi tisa baadaye alikuwa akifunga kwenye Kombe la Dunia la wakubwa. Colombia hao walifika hadi fainali, wakafungwa 1-0 na Hispania. Kutolewa na timu ya namna hiyo si aibu.

Nimeitaja Kanada, na pale pana jambo la kujifunza. Ukitaka kujua taifa linavyoitunza timu ya vijana, watazame Wakanada na hoki ya barafu. Kila mwaka, kuanzia siku inayofuata Krismasi hadi mwanzoni mwa Januari, hufanyika mashindano ya dunia ya hoki ya barafu kwa vijana chini ya miaka 20. Kule Kanada, msimu huo familia nzima hukaa mbele ya televisheni kuwatazama vijana ambao bado hawajafika timu za wakubwa. Majina yao yanajulikana, na watu wanajua kila mmoja katoka mji gani mdogo na alilelewa na klabu ipi. Timu ile haitokei hewani. Kila kijiji chenye baridi kina kiwanja cha barafu, na mtoto hufundishwa kuteleza karibu na umri ule ambao mtoto wa Kilosa anafundishwa kuchota maji kisimani bila kumwaga. Timu ya Taifa ya vijana huchotwa juu kabisa ya mlima huo wa watoto.

Afrika Mashariki nayo ina barafu ya kuchezea, lakini mahali pamoja. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, kwenye Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ilifungua ukumbi wa kuteleza kwenye barafu. Hapo ndipo walipozaliwa Ice Lions, timu ya hoki ya Wakenya iliyoanza kufahamika mwaka 2016. Miaka miwili baadaye wachezaji wake walipelekwa Kanada, wakacheza na mastaa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Hata kwenye ligi kuu ya dunia ya mchezo huo damu ya Kenya ilipita: Johnny Oduya, beki aliyezaliwa Stockholm kwa baba Mkenya na mama Mswidi, alitwaa Kombe la Stanley mara mbili akiwa na Chicago, mwaka 2013 na 2015. Nawavulia kofia Wakenya kwa ujasiri wao. Lakini kwa barafu ya hoteli moja, ni watoto wangapi wataonja mchezo huo? Wale wanaoishi karibu, au wenye nauli na mtu wa kuwapeleka. Oduya alikulia Sweden, na huko barafu ipo.

Sisi huku tuna ardhi. Toka Kilosa mjini upite Kimamba kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, zunguka hadi Mikumi kwenye barabara kuu ya Iringa, teremka Ruaha na Kidodi kwenye mashamba ya miwa: kila shule ya msingi ina kiwanja. Kina mteremko, kina kichuguu pembeni, mvua ikinyesha kinageuka tope na kiangazi kinatoa vumbi, lakini ni kiwanja. Ninaposema Kilosa ina nafasi ya kumtoa mchezaji wa Serengeti Girls, nasema hivyo kwa sababu kile ambacho Wakenya wamekikosa kwa barafu, sisi tunacho kwa mpira. Tulichokosa ni kingine.

Jioni moja nilisimama kando ya kiwanja cha shule, jua limelalia upande wa milima, nikawatazama mabinti wa darasa la sita na la saba wakicheza. Mpira ulikuwa mmoja, wa dukani, umechunika ngozi hadi unaonekana mweupe kama muhogo uliomenywa. Magoli ya miti, bila nyavu. Wengi peku. Mmoja alikuwa na kiatu cha mpira mguu wa kulia tu, na cha pili alikuwa kampa rafiki yake wa mguu wa kushoto, ili timu iwe na miguu miwili ya kupiga faulo. Kipa alivaa soksi mikononi. Kiungo wao, mwembamba, kimo cha kawaida, alikuwa na tabia ambayo makocha wanaitafuta kwa tochi: kabla mpira haujamfikia, alikuwa ameshageuza shingo mara mbili kutazama nani yuko wapi. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Ukishaona kitu kama kile, hulali usingizi ukijua hakuna daftari lolote lenye jina lake.

Njia iliyopo ya kumfikisha binti huyo mbali ni UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Ni mashindano mazuri na nayatetea. Yanaanza shuleni, yanapanda kata, tarafa, wilaya, mkoa, kisha Taifa, na soka la wasichana limo. Kwa watoto wengi wa vijijini hiyo ndiyo mara ya kwanza kulala nje ya wilaya yao na kucheza mbele ya watu wasiowajua. Tatizo ni kwamba chujio hili hupita mara moja kwa mwaka, kwa muda mfupi. Timu ya wilaya inaundwa haraka, inakaa kambini siku chache, inacheza, inarudi, inavunjika. Binti akiumwa malaria wiki ile, au mzazi akikataa wiki ile, mwaka wake umekwenda. Na kwa mchezaji ambaye umri wake wa kucheza U-17 hauzidi misimu miwili au mitatu, mwaka mmoja ni mwingi sana.

Baada ya mashindano kuna ukimya. Wavulana wana pa kwenda: chandimu kila jioni, ndondo za mtaa msimu wa mavuno ambako mshindi huondoka na mbuzi au seti ya jezi, na timu za daraja la chini zinazowachukua wakifikisha miaka 15 au 16. Msichana wa umri huo akitaka kucheza nje ya shule, anacheza na nani? Akibahatika, anachanganywa na wavulana. Asipobahatika, anarudi kwenye ndoo, kuni na mdogo wake mgongoni. Mpira wake unaisha mwaka uleule ambao wa Diana Mnally ulikuwa unaanza kunoga. Nasema wazi kwamba hapa ndipo tunapowapoteza, kati ya miaka 13 na 16. Kipaji chao kipo palepale. Kinachokosekana ni mechi ya Jumamosi.

Nchi inajua kwamba mechi za mara kwa mara zinazaa matunda, kwa sababu mfano uko jirani nasi kwenye reli. Aprili 2023, mjini Durban, wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa soka la shule. Pale watoto hulelewa kimpira mwaka mzima, sio wiki mbili. Na waliopita timu za vijana wamefika mbali: Clara Luvanga, aliyepitia Serengeti Girls, alisajiliwa na Al Nassr ya Saudi Arabia mwaka 2023. Twiga Stars nao, wakiwa na Shime tena benchini, walirudi Kombe la Afrika la wanawake lililochezwa Morocco Julai 2025. Mara ya mwisho walikuwa wamecheza fainali hizo mwaka 2010. Upande wa wavulana, Mkoa wa Morogoro wenyewe umemtoa Kelvin John, yule waliyemwita Mbappé, ambaye baada ya kuichezea Serengeti Boys alifika Genk ya Ubelgiji na kisha Denmark.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi na walimu wa huku lazima walichukue kwa uzito: karatasi. Timu za umri zinaishi na kufa kwa tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 2005 Tanzania iliondolewa kwenye fainali za Afrika za vijana kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Mwaka 2017 kibao kikageuka: tuliingia Gabon kwa sababu Congo Brazzaville waliondolewa baada ya kushindwa kumfikisha mchezaji wao kwenye kipimo cha mfupa wa kifundo cha mkono. Kwa wavulana kipimo hicho cha mashine kipo. Kwa wasichana hakitumiki kwa sababu mifupa yao hukomaa mapema, kwa hiyo kinachomsemea binti ni cheti chake. Sasa fikiria wilaya yetu. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, ulisomba nyumba, ukang'oa reli, ukawaacha maelfu kwenye mahema. Nyumba ikienda na maji, sanduku la makaratasi nalo linakwenda. Zipo familia za wakulima na wafugaji ambazo mtoto anajulikana alizaliwa msimu gani wa mvua, tarehe hakuna. Binti wa namna hiyo anaweza kuwa na mguu wa dhahabu, na bado akaachwa kwa kukosa kipande cha karatasi. Mwalimu wa michezo anayeandika majina ya timu ya shule aandike na namba za vyeti. Asiye na cheti aanze safari ya kukitafuta RITA mapema, sio wiki ya kuitwa kambini.

Nini kifanyike Kilosa? Naomba jambo moja tu, ligi ya wasichana chini ya miaka 15 ndani ya wilaya, inayochezwa miezi sita kwa mwaka. Timu nane zinatosha kuanzia: Kilosa mjini, Kimamba, Rudewa, Ilonga, Mikumi, Kidodi, Ruaha na Ulaya. Viwanja ni vilevile vya shule. Waamuzi wapo, hao wanaochezesha ndondo. Gharama kubwa ni nauli, chakula cha mchana na mipira. Kampuni za sukari, hoteli za watalii pembezoni mwa Hifadhi ya Mikumi, vyama vya ushirika vya wakulima, kila mmoja akibeba timu moja, mzigo unabebeka. Halmashauri ina afisa michezo, na jimbo la Kilosa limewahi kumtoa waziri mwenye dhamana ya michezo: Profesa Palamagamba Kabudi, mbunge wetu, aliteuliwa kushika wizara hiyo Desemba 2024. Hatuwezi kusema serikalini hatujulikani.

Na safari sasa imekuwa fupi. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na Kilosa ina kituo kwenye reli hiyo. Zamani kuipeleka timu ya watoto Morogoro au Dodoma kulimaanisha kulala huko, na kulala kunamaanisha mwalimu wa kike wa kuandamana nao, godoro, mlo wa usiku na wasiwasi wa wazazi. Leo timu inaweza kupanda treni asubuhi, ikacheza, ikarudi siku hiyohiyo. Mzazi anayekataa binti yake alale ugenini, na ana sababu zake, anaweza kukubali safari ya kwenda na kurudi. Mechi sita za kirafiki kwa mwaka dhidi ya mabinti wa Dodoma waliowahi kuwa mabingwa wa Afrika zingemfundisha yule kiungo wa kiwanja cha vumbi mambo mengi kuliko mimi na wewe tunavyoweza kumweleza.

Dirisha nalo limepanuka. Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 lilikuwa likichezwa kila baada ya miaka miwili, likiwa na timu 16, na mwaka 2022 Afrika ilipeleka tatu: Nigeria, Morocco na sisi. Kuanzia 2025 linachezwa kila mwaka nchini Morocco hadi 2029, likiwa na timu 24, na mwaka huo wa kwanza Afrika ilikuwa na timu tano. Wakenya walishaona mlango: Junior Starlets wao walifuzu mwaka 2024, wakaenda Jamhuri ya Dominika, wakapoteza kwa Uingereza na Korea Kaskazini, wakamaliza kwa kuifunga Mexico 2-1.

Kwa mujibu wa kanuni za umri, msichana aliyezaliwa mwaka 2012 ana haki ya kucheza hadi fainali za 2029. Wengi wa mabinti hao sasa wako darasa la saba au ndio kwanza wanaingia sekondari, Kimamba, Mikumi, Ruaha, na Kilosa mjini. UMITASHUMTA ikifika katikati ya mwaka, afisa michezo wa wilaya aende uwanjani na daftari, aandike majina ya wasichana ishirini bora pamoja na tarehe zao za kuzaliwa, kisha Jumamosi inayofuata baada ya mashindano awaite tena kucheza.